Msumeno wa betri wenye mpini mrefu: volti 18, volti 36 au wa mkono?

Mti_Mkavu: Habari wakuu. Nina miti mitano mikubwa nyuma ya nyumba, na nimeapa sipandi tena ngazi na msumeno mkononi. Nimebakiza miwili ya kuchagua: wa volti 18, bapa (chuma ambacho mnyororo wa meno unazungukia) sentimita 20, kilo 3.5, na wa volti 36, bapa sentimita 25, kilo 5 pamoja na betri. Matawi mengi ni unene wa kifundo cha mkono, mawili matatu yamefika unene wa paja. Nichukue upi?

Jembe: Chukua wa 36 mkuu. Nguvu ikizidi hakuna hasara, ikipungua mnyororo unakwama katikati ya tawi, na kuunasua ukiwa chini ni kazi.

FundiPogoa: Jembe, kuhusu kukwama uko sahihi, ila wa kulaumiwa mara nyingi ni mnyororo butu au tawi lililobana bapa, si volti. Volti peke yake haikuambii betri itadumu kiasi gani. Zidisha volti kwa Ah (ampea-saa, zimeandikwa kwenye betri): 18 mara 4 ni 72, na 36 mara 2 ni 72 vilevile. Akiba ya umeme ni ileile.

Mti_Mkavu, tazama uzito, tena tazama uko wapi. Mpini ukishavutwa mpaka mwisho, mota ikiwa kule juu, kilo moja ya nchani inachosha kuliko kilo mbili zilizo karibu na mkono. Dakika kumi tu mabega yanawaka, msumeno unayumba, na hapo ndipo watu hukata vibaya au kuumia. Ukiweza, ushike dukani mpini ukiwa wazi wote, betri ikiwa ndani, uuinue kwa dakika mbili nzima. Mimi ningechukua wa 18.

MamaMiche: Na wa mkono je? Ule wenye meno yaliyopinda, unaokata ukivuta. Kwa matawi ya unene wa kifundo mimi natumia huohuo miaka yote. Ni mwepesi, hauna chaji wala oili. Ila kwa miti mitano, jasho litakutoka.

Mti_Mkavu: Asante mama. Mkono wangu wa kulia una shida, kuvuta sana siwezi. Swali: tangazo la huu wa 18 linasema unafika mita 4.5, na mpini ni mita 3 tu. Inakuwaje?

FundiPogoa: Wamejumlisha urefu wa mtu. Nawe huwezi kuunyoosha wima kabisa, maana tawi litakuangukia kichwani. Ukiulaza nyuzi 60 hivi, mita 3 zinakupa kama mita 2.6 za kimo. Ongeza mita 1.2 za kimo cha mkono wako kutoka ardhini, unapata 3.8. Pima miti yako kwa hesabu hiyo.

Tawi zito usilikate mara moja, litachana gome mpaka kwenye shina. Anza kwa chini, theluthi ya unene, umbali wa kama sentimita 30 kutoka shinani. Kisha kata kwa juu, mbele kidogo ya hapo kuelekea nchani, lianguke. Kisiki kilichobaki kimalizie nje kidogo ya ule uvimbe wa shingo ya tawi, pale linapoungana na shina. Uvimbe wenyewe usiuguse, ndio unaofunga kidonda.

Jembe: Nyaya za umeme zikipita karibu, acha kabisa, waite wa umeme. Mpini wa alumini unapitisha umeme. Na kofia ngumu na miwani ni lazima.

Mti_Mkavu: Hakuna nyaya. Basi nachukua wa 18, yale ya unene wa paja nitamwita mtu wa kazi hiyo. Mnyororo unajipaka oili wenyewe?

FundiPogoa: Mingi inajipaka, lakini kagua tangi kila ukibadili betri. Na siku ya kwanza mnyororo mpya hulegea upesi. Chomoa betri, kaza, endelea.

MamaMiche: Ukimaliza mti wa kwanza tuletee picha ya kidonda, tuone umekata wapi.