Glow, glitter, glisten za Kiingereza: si kung'aa tu?

Msasani_wa_Amboni: Habari wanajukwaa. Natembeza wageni mapango ya Amboni, hapa Tanga. Nikimulika ukuta, mmoja anasema "glitter", mwenzake "glisten". Nani kapatia?

Mwalimu_Ngamiani: Ukuta umelowa? Basi glisten, mng'ao wa kitu chenye majimaji. Hata samaki mbichi pale soko la Deep Sea. Glitter humetameta vipande vipande, vigae vya chupa juani. Glow haimeti kabisa: kaa la jiko moto ukishatulia.

Msasani_wa_Amboni: Shikamoo mwalimu. Kumbe maneno ya gl- yote ni mwanga?

Mwalimu_Ngamiani: Marahaba. Thubutu! Glove ni glavu tu, inamulika nini? Ila makundi haya ya maneno yanayoanza sawa na kukaribiana maana yapo, mwanaisimu J. R. Firth aliyaandikia mwaka 1930. Angalia sn-: snore (koroma), sneeze (piga chafya), sniff (nusa). Pua tupu.

Dada_Chumbageni: Na snake (nyoka) je? 😂