Sakulenti yangu majani yanalainika na kudondoka, shida nini?

mgeni_wa_maua
Wadau habari, naombeni msaada. Nina sakulenti, ile ya majani manene yaliyopangika kama ua, iko juu ya kabati sebuleni, sasa majani ya chini yamekuwa ya njano yanaonyesha mpaka ndani, ukiyagusa tu yanadondoka, halafu shina linarefuka linainamia upande wa dirisha. Kila asubuhi naipa maji kidogo, au hayatoshi niongeze?

jani_nene
Usiongeze!! Jani lenye kiu linasinyaa na kujikunja, ila likiwa la njano na laini hivyo maji yamezidi. Itoe kwenye chungu leo leo uangalie mizizi, ikiwa myeupe na migumu badilisha udongo tu, ikiwa myeusi inanuka kata, halafu iache siku tatu nne kivulini kidonda kikauke ndo upande. Chungu kina tundu chini?

shamba_la_dirishani
Hiyo "kidogo kila siku" ndo inaua. Hii mimea vitundu vya majani vinafunguka usiku jua likiwa limezama, kwa hiyo maji haipotezi ovyo. Mwagilia mpaka yatokee chini, halafu achana nayo mpaka udongo ukauke wote. Wengine wanachomeka kijiti kupima, mimi nanyanyua chungu tu, kikiwa chepesi namwagilia.

mgeni_wa_maua
Tundu hakuna ila niliweka kokoto chini zichuje maji, si inasaidia?

jani_nene
Haisaidii mkuu, maji yanagota kwenye udongo juu ya kokoto, hayashuki mpaka udongo ushibe kabisa, na mizizi ndo iko hapo hapo. Toboa. Udongo nao changanya nusu kwa nusu na changarawe ndogo, mchanga wa baharini hapana, una chumvi.

shamba_la_dirishani
Na kurefuka huko ni mwanga mdogo, shina likisharefuka halirudi. Isogeze dirishani ila taratibu, ukiitoa ghafla juani majani yanaungua. Ikipona kata kichwa ukipande, kisiki usitupe kitachipua pembeni.

mgeni_wa_maua
Nimeitoa, mizizi karibu yote myeusi na weusi umepanda kwenye shina 😩 nakata wapi sasa?

jani_nene
Endelea kukata kuelekea juu mpaka ndani ya shina usione doa la kahawia hata moja. Kisu kifute na spiriti kila unapokata.