Je, kijana aukimbie uhandisi kwa sababu kazi zinahamishiwa nje?

Ndugu wachangiaji, hoja iliyowekwa mezani ni kwamba mzazi mwenye busara amzuie mwanawe kusoma uhandisi, kwa kuwa kampuni za Marekani na Ulaya zinazidi kuihamishia kazi hiyo katika nchi zenye mishahara midogo. Naipinga hoja hii, ingawa si kwa sababu wanayoitoa watetezi wengi wa fani.

Jambo lenyewe si geni. Kampuni ya Marekani ya Texas Instruments ilifungua kituo cha usanifu Bangalore, India, mwaka 1985, na miaka ya 1990 ilipokaribia kwisha, hofu ya kompyuta kushindwa kuusoma mwaka 2000 ilizipa kampuni za India kazi kubwa ya kupitia programu za zamani mstari kwa mstari. Kinachohama kirahisi ni kazi inayoweza kuandikwa yote na kukabidhiwa mtu asiyewahi kukiona kitu chenyewe. Pampu inayotetemeka haitulizwi kwa barua pepe. Lazima mtu aweke kiganja juu ya kasha la beringi, apime, kisha aamue kama kilichokufa ni beringi au ni boliti za msingi zilizolegea.

Boeing iliuvuka mpaka huo kati ya kazi inayoandikika na isiyoandikika ilipounda ndege ya 787. Iliwaachia wakandarasi hata sehemu kubwa ya usanifu wa kina. Vipande vikafika kiwandani Everett vikiwa havijakamilika, na ndege ya kwanza, iliyotarajiwa kukabidhiwa Mei 2008, ikakabidhiwa Septemba 2011. Katikati ya sokomoko hilo, mwaka 2009, kampuni ilinunua kiwanda cha mmoja wa wakandarasi hao huko South Carolina.

Hapo watetezi wa uhandisi hushangilia mapema mno. Husema kijana asome kwa bidii awe mbobezi, maana mbobezi haguswi. Lakini ubobezi hautolewi pamoja na cheti. Hutokana na miaka ya kazi ndogondogo, kama kusahihisha michoro, kurudia mahesabu ya mwenzako na kuhakiki orodha ya boliti hadi macho yaume, na kazi hizo, kwa kuwa zinaandikika, ndizo zinazotangulia kuondoka. Ngazi ingalipo, ila vipandio vya chini vimeng'olewa.

Kwa hiyo ningemshauri kijana achague tawi linalomweka karibu na mtambo, iwe ni umeme wa gridi, madaraja au matengenezo ya viwanda, na kwenye usaili aulize waziwazi ni nani atakayemfundisha kazi. Mshahara wa kuanzia uje baadaye (najua, ni rahisi kusema hivyo ukiwa hudaiwi mkopo wa masomo).

Anayetaka vijana waihame fani hii naye anijibu: ikiwa uhasibu, uandaaji wa mikataba na hata usomaji wa picha za eksirei navyo hufanyiwa ng'ambo, atawapeleka wapi?