Uprofesa unaishia getini, ukiingia ndani wewe ni baba fulani tu. Tupeane uzoefu

Mzee wa Udongo
Jana mjukuu wangu wa darasa la pili kaniuliza, "babu, we ni profesa wa nini?" Nikamwambia wa udongo. Akanitazama weee, akaenda jikoni kwa bibi yake, "bibi, babu ananitania." Nimecheka mpaka nikakohoa, ikanirudisha mbali sana, nikasema ngoja niandike na wengine mje na ya kwenu.

Mimi ni wa Usukumani, kuzaliwa 1952. Shule ya enzi zile mnaijua, unasoma ng'ombe wakiruhusu. Form six nimemaliza 1973, nikapiga JKT, Julai 1974 nikaingia Kitivo cha Kilimo Morogoro, wakati huo bado kipo chini ya Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar, SUA yenyewe, Chuo Kikuu cha Sokoine, imekuja kuzaliwa 1984. Nilipenya kwenye tundu la sindano, maana Novemba mwaka uleule likaja Azimio la Musoma, walionifuata wakaambiwa form six haingii chuo moja kwa moja, nenda kafanye kazi kwanza. Mdogo wangu mpaka leo anasema mlango niliufunga mimi.

1982 nikapelekwa Norwei, mji mdogo unaitwa Ås, chini kidogo ya Oslo, kusomea udaktari wa udongo. Sasa fikiria, unatoka Morogoro unaenda kusoma udongo mahali ambapo Januari udongo wenyewe huuoni, theluji tupu! Huko nikapigwa somo la katena, yaani ukishuka kutoka kilimani mpaka bondeni udongo unabadilika kwa mpangilio, kila mmoja umeshikana na mwenzie kama mnyororo. Kufuatilia mwenye neno ni nani, ni Mwingereza Geoffrey Milne, na alilianzisha miaka ya 1930 akiwa kituo cha utafiti Amani, Muheza, mkoani Tanga. Nimevuka bahari kufuata kitu cha Muheza.

Nikarudi likizo nikamweleza mama kwa mbwembwe zote, nimechora hadi chini kwa kijiti. Mama akaniacha nimalize. Akautaja udongo kwa Kisukuma chetu, juu luseni, ukishuka itogolo, kule chini mbuga. Kimya kidogo. "Hiyo ndiyo unayosomea miaka minne?" Halafu akauliza huko kwa wazungu nani ananipikia.

Ila iliyoniuma ni ya 1987. Nilikuwa na utafiti miteremko ya Uluguru, sampuli 46, kila moja na lebo yake, nimezianika stoo kwenye magazeti zikauke ndio nizitwange nichekeche. Nikaenda Dar siku nne. Narudi, stoo imefagiwa inang'aa, na kibanda cha kuku kimekandikwa upya, ukuta huu mwekundu, ule wa kahawia, yaani Uluguru nzima iko pale imechanganywa na samadi. Nikaambiwa ni shangazi yake mke wangu, alikuja kututembelea akaona uchafu. Ningesema nini, mtu mzima tena mgeni? Na miaka ile mshahara wa mhadhiri haugusi tarehe kumi na tano, wote tulikuwa tunafuga, kuku ndio walikuwa wanatulipia sukari ya magendo. Mwezi haukuisha kideri ikapita, ikasomba wote. Nikabaki sina udongo sina kuku. Jirani yangu wa darasa la saba, kuku wake hakuguswa hata mmoja, na alinipa pole kila asubuhi, kila asubuhi jamani.

Mama Tausi
Shikamoo Prof. Hiyo ya pole ya kila asubuhi naijua, ile sio pole.

Kuku wa Kienyeji
Shikamoo mzee wangu. Kwa faida ya wengine, kideri haina dawa ina chanjo. Siku hizi ipo I-2, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, na unachanja walio wazima. Wakishaanza kuzubaa umechelewa.

Mama Tausi
Mi natumia shubiri na pilipili kichaa mwaka wa ishirini huu.

Kuku wa Kienyeji
Na wamekufa wangapi?

Mama Tausi
Sasa hilo si ndio uchokozi.

Chalii wa Mikopo
Samahani mzee nakuheshimu sana ila hizi hadithi zenu zinatuuma. Nyie mmesomeshwa bure, mmelala bure, mmekula bure, mmepanda ndege ya bure, sisi wa bodi ya mikopo tunakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, alafu mnakuja kutuchekesha na kuku.

Mstaafu Mtarajiwa
We dogo bure gani? Tulikaa foleni ya sabuni na digrii mfukoni. Umewahi kuoga na sabuni ya magadi kabla ya kwenda kutoa lekcha?

Chalii wa Mikopo
Magadi hayakatwi kwenye salary slip.

Mzee wa Udongo
Marahaba vijana. Chalii una haki kabisa, tulisoma kwa jasho la wakulima wa pamba akiwemo mama yangu. Ndio maana aliuliza kama nasomea hicho tu.

Kitindamimba
Ngoja niweke ya kwetu maana mzee kanikumbusha nyumba yetu. Baba alikuwa profesa wa takwimu, chuo sitakitaja. Mama alikuwa mwalimu wa sekondari mwenye diploma, alipofika miaka arobaini na kitu, sisi wote tumeshaanza shule, akasema narudi kusoma digrii. Baba akafurahi, akanunua hadi kalkuleta mpya. Mwaka wa pili kuna kozi ya lazima na mwalimu wake ni mmoja tu nchi nzima kwa tulivyojua sisi, BABA. Mtihani ukafanyika. Wiki ya kusahihisha baba alikuwa anafunga mlango wa chumba cha kusomea kwa ufunguo, mama anapita pale anakohoa. Matokeo yakabandikwa ubaoni, mama kaenda kuangalia na wenzie wa umri wa watoto wake. SAPU, yaani kafeli arudie mtihani. Mume wake wa ndoa kamtia sapu!! Alirudi na daladala, wakati gari la baba lilikuwa palepale chuoni. Hakusema neno. Alipika, akapakua sahani za watoto, akapakua yake, akafunika sufuria. Baba akaja mezani akakaa na mikono yake imenawa. Tulimwonea huruma ila nani angethubutu kusimama? Hali hiyo imeenda mpaka likizo imeisha, wanaongea kupitia mimi, "mwambie baba yako maji yanachemka," "mwambie mama yako nimesikia," na wamekaa kochi moja. Baba usiku anaacha maswali ya mazoezi kwenye meza ya chakula bila jina, asubuhi yamefanyiwa, bila jina pia. Mama akarudia mtihani akafaulu, na mnajua sapu ukifaulu hata upate mia unaandikiwa C. Siku ya kumuaga baba kustaafu mama akapewa maiki, akasema, "mimi ndiye mwanafunzi pekee wa profesa huyu niliyemnyima chakula." Ukumbi ulivunjika.

Dereva wa Bajaji
Kusimama lazima. Mzee noma huyo.

Binti wa Sheria
Mnashangilia nini? Kwanza hakutakiwa kusahihisha karatasi ya mkewe, hapo ni mgongano wa maslahi mchana kweupe, angempa mwenzie.

Kitindamimba
Dada yangu, mtahini wa nje aliipitia hiyo karatasi, na aliongeza alama mbili zikawa hazitoshi 😂

Mstaafu Mtarajiwa
Angempa B mngesema kampendelea. Mwanaume aliamua kulala njaa kwa ajili ya taaluma.

Mama Tausi
Taaluma haichemshi maji ya kuoga. Ushauri wangu, usimfundishe mkeo chochote, hata gari.

Dereva wa Bajaji
Mi nilimfundisha wangu bajaji, sasa anayo ya kwake na ananipita kituoni hanipigii hata honi. Fundisheni tu.

Chalii wa Mikopo
Huyo mama alisoma kwa mkopo au bure?

Binti wa Sheria
We Chalii we.

Mzee wa Udongo
Wanangu, nimemsomea mama watoto yote haya kwa sauti. Ya sapu amecheka mpaka kajifuta machozi na khanga. Ya kwangu alikuwa ananyamaza, nikajua ni usingizi. Nikafika pale pa kibanda, akaniambia "hapo kwa shangazi ruka." Nikauliza kwa nini niruke. Kumbe shangazi wa watu alikuja siku mbili baadaye, kibanda kimeshakandikwa! Ni mke wangu mwenyewe, aliona udongo mzuri unakaa bure, na shangazi akakubali kubeba lawama ili ndoa ipone. Shangazi tumemzika 2009 na mimi kwenye kaburi lake nilikuwa bado nina kinyongo kidogo cha udongo wangu.

Kitindamimba
Prof mpe sapu huyo.

Mama Tausi
Akithubutu ale hotelini.