Ghorofa mpya za Dodoma, kwa nini zote vioo vya bluu na ndani ni tanuri?

Mtoto wa Chang'ombe:
Habari za jioni wakuu. Kuna kitu kinanikera muda mrefu na sasa kimeingia mpaka nyumbani kwetu ndo maana nakileta hapa, naomba wenye ujuzi mnisaidie.

Mimi nimezaliwa Dodoma. Tangu serikali ihamie hapa kuanzia 2016 mji umepanda sana, sensa ya 2012 tulikuwa laki nne na kidogo, ya 2022 tumefika 765,179, na ghorofa zinaota kila kona. Sipingi hilo, nafurahi kabisa. Tatizo langu ni sura na ubora wake. Ukipita mjini unaona jengo lina vioo vya bluu mbele, pembeni shiti za Alucobond (zile za alumini mbili zilizogandishwa na kitu katikati) za kijivu au nyekundu, nyuma ukuta wa plasta haujapakwa hata rangi na mabomba yote yananing'inia nje, yaani uso umepambwa na mgongo umetelekezwa. Na lingine likijengwa jirani linakuwa hivyo hivyo. Ukipiga picha huwezi kujua ni Dodoma au Kahama au wapi.

Mimi nafanya kazi ghorofa ya nne kwenye jengo moja la namna hiyo (sitalitaja). Madirisha ni vioo vya kufunga moja kwa moja, vinavyofunguka ni viwili vidogo juu. Ikifika saa nane mchana upande wetu jua linaingia mpaka mezani, AC zinapiga kelele siku nzima, umeme wa LUKU inakwisha kama maji, na umeme ukikatika Oktoba hii hakuna anayebaki ndani, wote tunashuka kukaa chini ya mwarobaini wa jirani. Mwarobaini unatushinda ghorofa zima!

Sasa baba yangu mdogo ana kiwanja Ilazo, kinatazama barabara upande wa magharibi, anataka kupandisha ghorofa sita, chini maduka, juu ofisi. Juzi kaja na picha kwenye simu, jengo la Dar, kasema "nataka hivi hivi". Mbele yote kioo. Nimemwambia baba tutaungua humo akaniuliza basi tufanye nini, nikakosa jibu. Naombeni jibu la kumpelekea.

Fundi Vioo Dom:
Mkuu mimi nafunga alumini na vioo miaka mingi, nikueleze kwa nini wenye majengo wanakimbilia huko maana si ujinga. Ukuta wa tofali kwenye ghorofa ya juu ni mzigo kwa fremu, kuna tofali, plasta, skimu, rangi, halafu vumbi la hapa baada ya miaka michache rangi imekuwa ya udongo unarudia upya. Kioo ni chepesi, kinafungwa haraka, mpangaji anaona jengo la kisasa analipa. Hesabu ya mwenye jengo inaishia hapo, bili ya umeme ni ya mpangaji.

Ila nikiri kitu, vioo vingi tunavyofunga ni vya kawaida vya rangi, ile bluu haizuii joto kama watu wanavyodhani, inapunguza mwanga tu, kioo chenyewe kinapata moto na joto linaingia. Vioo viwili viwili vyenye hewa katikati bei yake mteja akiisikia anakata simu. Na usafi, majengo mengi hayajawekewa hata sehemu ya kufungia kamba juu, sasa nani atashuka kuosha? Ndo unaona vioo vimekuwa vya kahawia.

Kuhusu Alucobond na zinazofanana nazo, muulize muuzaji katikati kuna nini. Kuna zenye plastiki tupu tumboni na kuna zenye madini yanayochelewesha moto. Shiti za plastiki ndizo zilisambaza moto jengo la Grenfell kule London 2017, watu 72 wakafa. Hapa wateja wananiuliza rangi tu, hilo hawaniulizi na linanisumbua.

Mzalendo Kisasa:
Mimi siungi mkono hizi lawama. Dodoma ilikuwa inaitwa kijiji kikubwa, watu wa Dar walikuwa wanakuja bungeni wiki mbili wanakimbia. Leo mji una taa, una ghorofa, vijana wamepata kazi za saiti. Kiwanja cha mjini kimepanda bei, ukijenga chini unapoteza pesa, lazima uende juu. Tukianza kumpangia mtu sura ya jengo lake aliyelikopea benki tutarudi nyuma.

Mchoraji wa Ramani:
@Mzalendo Kisasa kwenda juu hakuna shida kabisa, shida ni kwenda juu kwa ramani ya mji mwingine. Mimi ni mbunifu majengo na nasema haya kwa uchungu maana nimeshachora majengo ya namna hiyo, mteja anakuja na picha, ukimwambia hapana anaenda kwa mwingine, kesho yake unakuta limesimama.

Dodoma si Dar. Dar kuna joto la unyevu usiku na mchana, hapa tuko juu zaidi ya mita 1,100, hewa kavu, mchana jua kali lakini usiku panapoa, Juni Julai unavaa koti. Sehemu ya namna hii inataka ukuta mzito unaochelewa kupata joto, kivuli juu ya madirisha, na madirisha yanayofunguka ili usiku ubaridi uingie ulipoze jengo. Wagogo walijua hili zamani, tembe lina kuta nene za udongo na paa bapa la udongo, ukiingia mchana unahisi tofauti. Sisemi tujenge tembe la ghorofa sita, nasema akili iliyomo tuichukue.

Sasa jua. Tuko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua liko karibu na utosi mwaka mzima, Juni linalala kidogo kaskazini, Desemba kidogo kusini. Maana yake madirisha ya kaskazini na kusini unayakinga kirahisi sana, slabu ikitokeza nje sentimita 60 mpaka 90 imetosha. Mashariki jua linapiga asubuhi kukiwa bado kumepoa, unaweza kuvumilia. Adui ni magharibi, jua la saa tisa saa kumi linakuja limelala, linapita chini ya kivuli chochote, na linakuta jengo limeshapata joto la siku nzima. Na huko ndiko baba yako mdogo anataka kuweka kioo chote!

Mwambie hivi: upande wa barabara aweke ngazi, lifti, vyoo na stoo, au kama lazima ofisi zitazame barabara basi ukuta wa kioo urudi ndani mita moja na nusu, mbele kuwe na kibaraza kila ghorofa na matofali ya maua, yale yenye matundu, kukata jua. Litapendeza, na usiku taa zikiwaka ndani ya yale matundu hakuna jengo la bluu litaligusa. Tumewahi kuwa na watu wa kufikiri hivi, soko la Kariakoo la miaka ya 70 alilichora Beda Amuli, paa lile la miavuli ya zege linaruhusu hewa ipite na linakusanya maji ya mvua, na kila anayelijua Dar analijua. Hata stesheni ya treni ya SGR hapa Dodoma wamechukua sura ya vilima vyetu. Inawezekana.

Mama Uhindini:
Wanangu mimi nimekaa mji huu tangu enzi za CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu iliyovunjwa 2017. Ule mpango wa kwanza wa makao makuu, wa 1976, ulichorwa na kampuni kutoka Toronto, nia yake ilikuwa mji usiwe wa kujionyesha, nyumba zisizidi vilima, watu watembee kwa miguu na kupanda mabasi. Si yote yalifanyika, na siombi turudi huko.

Ninachoomba ni huku chini. Nyie mnazungumza juu, mimi natembea chini. Maduka ya zamani ya Uhindini yana vibaraza, unatoka duka hadi duka kivulini, mvua ikinyesha unajibanza. Ghorofa mpya unakuta ngazi tano za marumaru zinazoteleza, hakuna mahali pa mzee kushika, halafu parking ya magari manne, halafu mtaro. Mti ulikuwepo wameukata ili bango lionekane. Mwambie baba yako mdogo aache kivuli cha watu wapite, wateja watamjia wenyewe.

Mzalendo Kisasa:
Hilo la kibaraza mama nakubali, hata mimi ngazi hizo zilimwangusha mama mkwe. Ila @Mchoraji, kurudisha kioo ndani mita moja na nusu ghorofa sita ni eneo kubwa la kupangisha limepotea, nani analilipa?

Mchoraji wa Ramani:
Ni kweli anapoteza eneo, sikatai. Lakini anapunguza idadi ya AC za kununua, anapunguza vioo ambavyo ndio bei kubwa ya mbele, na mpangaji hahami baada ya mwaka kwa sababu ya bili. Afanye hesabu ya miaka kumi, ya siku ya ufunguzi haitoshi. Na afanye kabla picha ya kompyuta haijachorwa, maana mteja akishaipenda ile picha hasikii tena.

Mtoto wa Chang'ombe:
Asanteni sana wakuu, na shikamoo mama Uhindini. Nimemsomea baba mdogo yote kwenye simu. La vyoo kuwa upande wa barabara kalikataa hapo hapo, la kibaraza na matofali ya maua kanyamaza kidogo halafu kauliza bei ya tofali moja. Jumamosi saa kumi jioni tunaenda wote kiwanjani tusimame pale pale ofisi zitakapokuwa, aone mwenyewe jua linampiga wapi. Fundi Vioo kama uko mjini siku hiyo naomba uje pia.