Naomba ushauri: rivolva ya kwanza ya bei nafuu

Habari zenu wakuu, hasa mlioko huku Marekani. Niko Texas, natafuta bastola yangu ya kwanza ya kukaa nayo nyumbani, sio ya kutembea nayo, bajeti haivuki dola 400 na hapohapo inatakiwa kitoke kikasha cha kuifungia maana nina watoto wadogo. Nimeamua rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) kwa sababu haina habari za magazini (kile kisanduku cha risasi cha kuchomeka), unafungua silinda unaziona risasi zote kwa macho basi.

Kwenye renji (uwanja wa kulenga shabaha) nimekodi rivolva ya Smith & Wesson 642, nyepesi kweli ila ikilia inakupiga kiganja hatari, na triga (kifyatulio) nzito mpaka mkono unayumba. Muuzaji ananisukumia Taurus 856, inabeba risasi sita za saizi ya .38 Special, ile 642 ni tano. Jamaa zangu wanasema anza na Heritage Rough Rider ya risasi ndogo za .22, bei chee na risasi zake rahisi, lakini ile kila risasi lazima uvute nyundo kwanza, sasa usiku mtu kavunja mlango si mtihani huo?

Wenye uzoefu, hiyo 856 ya chuma inadumu? Na kwa anayeanza, mtutu wa inchi 3 unasaidia kweli kuliko wa 2 au maneno ya dukani tu?