Naomba ushauri: mzee anataka kuacha kusafishwa damu

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mzee wa Kondoa, miaka 84, figo zimefeli. Anasafishwa damu Dodoma mjini mara 3 kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa 4. Maji yakivutwa haraka presha inaporomoka, anashuka kitandani amelegea, mkono wa sindano umevimba. Akili zake timamu, na anasema basi. Watoto wanaona kumkubalia ni kumuua. Mimi naona kinachoua ni figo.

Akiacha, na mkojo umeshakauka, mara nyingi anabakiwa na siku 7 hadi 14 za kuishi. Mofini ya maji (dawa kali ya maumivu) apewe kidogo na kwa kupishanisha zaidi, maana figo haziitoi: ikirundikana mwilini, misuli itarukaruka, pumzi itapungua.

Mliowahi kukalisha familia ya namna hii, mlianza na mzee au na watoto?